Kichwa cha Barua

Sampuli ilifika Entebbe Alhamisi, ndani ya barafu,
kijiti cha pamba katika kichupa cha maji mekundu,
na fomu imefungwa kwa mpira.
Jina halikuwepo. Namba tu, umri sitini na saba, Bombo,
homa siku tatu, kikohozi kikavu.
Lakini fomu ilipigwa chapa,
na kila herufi r ilikuwa imeinama kushoto
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

Mashine ile naijua.
Utoto wangu wote nililala nikiisikia.

Mama yangu, Mastula binti Fadimulla,
karani wa gombolola miaka thelathini na moja,
akinakili asichokitunga:
hukumu za mipaka, vibali vya kuchinja,
barua za kumtambulisha fulani kwa fulani.
Karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi.
Tangu astaafu, zahanati humletea fomu zake.
Na homa yake, amejichapia mwenyewe.

Nikavaa glavu mbilimbili
nikamfungua aliyemo.

Ana vipande vinane, si uzi mmoja.
Vinane, kama nyumba inayohama kwa mafurushi,
na kila furushi limeandikwa kinyumenyume,
mgongo wa karatasi kaboni ilipogeuzwa,
mpaka ulipeleke kwenye kioo.
Anaingia mji mgeni na waraka
ambao hakuna afisa awezaye kuusoma!
Basi huja na karani wake, amemficha kifuani.

Ndani ya kiini cha seli ofisi zetu zimefunguliwa.
Barua zinatoka zina muhuri kichwani,
maana huko nje, kwenye karakana za protini,
ni kama kwa mwenyekiti wa LC:
bila muhuri, rudi kesho.
Karani wa kirusi hana muhuri. Kuuchonga hajui.
Anajua kuvizia.
Anaidaka barua yetu, halali, wino haujakauka,
anaikata shingoni, herufi kumi, kumi na tatu,
kichwa anakibandika juu ya habari zake,
mwili anautupa.
Mwanzo ni sisi. Kuendelea ni yeye.
Karakana inasoma, inatii, inatengeneza.

Tena hanakili vizuri.
Hana msahihishaji, hana ule wino mweupe
ambao Mama aliupuliza ukauke, macho kayafumba.
Makosa yake mengi hufa palepale.
Moja hupata mlango,
na chanjo ya mwaka jana inabaki imeshika picha
ya mtu aliyekwisha kubadili kanzu.
Akikutana na mwenziwe ndani ya bata mmoja,
tuseme bata wa sokoni Wobulenzi,
wanachanganya mafurushi gizani,
na anayetoka humo usimuulize ukoo.

Nilisoma vyote vinane hadi adhana ya alfajiri.
Vya binadamu vyote, vya msimu. Bata hayumo.
Nikaandika hivyo, nikatia sahihi.
Mkono ulitetemeka baadaye, kwenye sinki.

Kanuni hainiruhusu kujua namba ile ni ya nani.
Nikapiga simu.
"Mama, r yako bado imeinama."
Akakohoa, akakohoa, akacheka kidogo.
"Majirani Waganda wanasema ni ssenyiga tu."
Nikamweleza, kwa kuwa sikujua la kusema,
habari za karani mwizi na shingo za barua.
Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Mwaka wa tisini na moja," akasema,
"mtu alikata kichwa cha barua yangu namna hiyo hiyo.
Akakigandisha juu ya karatasi nyingine,
akaniletea nitoe nakala tatu.
Mzee Surur akapoteza shamba."

"Ukafanya nini?"

"Nikanakili.
Muhuri ulikuwa wa kweli."